Richard Pryor na Neno Alilolitupa Nairobi

Nyumba aliyokulia Richard Pryor ilikuwa danguro, na mwenye danguro alikuwa bibi yake mzaa baba. Mji ni Peoria, jimbo la Illinois, Marekani, na siku aliyozaliwa ni Desemba 1, 1940. Mama yake, Gertrude, alifanya kazi mle mle ndani. Baba yake, LeRoy, ambaye watu walimwita Buck, aliwahi kupigana ndondi. Wazazi walipoachana mtoto akabaki kwa bibi, Marie, mwanamke wa amri, ambaye Richard alimwita Mama hadi alipomzika. Ndani ya nyumba ile alisikia lugha za kila aina: ya makuwadi, ya walevi, ya wanawake waliochoka, ya wahubiri, ya wazee walioshinda kutwa wakisimulia mambo ambayo nusu yake hayakuwahi kutokea. Angali mdogo mno kujitetea, alinajisiwa na kijana wa mtaani. Alipofika miaka 14 alifukuzwa shule. Karibu yote aliyokuja kuyasema jukwaani yalianzia hapo, ila ilimchukua miaka mingi kupata ujasiri wa kuyasema.

Mtu wa kwanza kumwona kuwa ni msanii alikuwa Juliette Whittaker, mwalimu wa maigizo katika kituo cha vijana cha Carver pale Peoria. Walikuwa wakiandaa mchezo wa Rumpelstiltskin. Richard aliomba nafasi yoyote, hata iwe ndogo vipi, akapewa. Kumbe kimya kimya alikuwa akiyashika maneno ya wahusika wote, na siku kijana aliyecheza mfalme alipokosekana, yeye akakikalia kiti cha enzi na hakuna aliyeweza kumtoa tena. Miaka mingi baadaye, aliposhinda tuzo ya Emmy kwa kuandika kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Lily Tomlin, alimpelekea Bi Whittaker tuzo ile.

Kabla ya kufika huko alipitia jeshini, kuanzia 1958 hadi 1960, akiwa Ujerumani, na sehemu kubwa ya muda huo aliimaliza katika jela ya kijeshi kwa kushiriki kumpiga askari Mzungu aliyecheka kupita kiasi wakati wa filamu iliyohusu mateso ya watu weusi. Aliporudi alizunguka kwenye vilabu vya usiku vya majimbo ya kati, na mwaka 1963 akaenda New York.

Pale New York, nyota iliyokuwa ikiwaka ilikuwa Bill Cosby. Cosby alikuwa msafi wa lugha, mwenye visa vya utotoni na familia, kipenzi cha Wazungu na Weusi. Pryor aliona njia iliyokwisha kusafishwa, akaifuata. Alivaa suti na tai, akanyoa nywele vizuri, akaigiza sauti na nyuso za kuchekesha, na televisheni zikamfungulia milango, ukiwemo ule wa Ed Sullivan, kipindi ambacho mamilioni ya Wamarekani walikitazama. Fedha ziliingia. Tatizo ni kwamba mtu aliyekuwa akisimama pale hakuwa yeye. Mwana wa danguro alikuwa akijifanya mwana wa kasisi.

Mnamo Septemba 1967 alikuwa na onyesho katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas. Ukumbi umejaa, na mwimbaji mashuhuri Dean Martin yumo miongoni mwa watazamaji. Pryor aliwaangalia, nao wakamwangalia. Kisha akauliza kwenye maikrofoni, kwa maneno makali, yeye anafanya nini pale, akashuka na kwenda zake.

Kuondoka ni rahisi. Kazi ni kujua unakwenda wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijificha Berkeley, California, mji wa wanafunzi na maandamano. Alisoma hotuba za Malcolm X, akakaa na waandishi weusi kama Ishmael Reed na Cecil Brown, akapanda kwenye majukwaa madogo kujaribu mambo ambayo Las Vegas isingeyavumilia hata dakika moja. Kuna nyakati alisimama na kulirudia neno moja tu, tena na tena, kwa sauti tofauti: kwa hasira, kwa upole, kwa kicheko, kwa maumivu. Lilikuwa lile tusi la kale la Wazungu dhidi ya watu weusi, lile linaloanza na herufi N. Aliamini kwamba ukilitamka mara nyingi vya kutosha, sumu yake itakwisha na litabaki kuwa sauti tu.

Huo ndio mwanzo wa Pryor ambaye dunia inamkumbuka. Mwaka 1974 alitoa albamu ambayo neno hilo limo kwenye jina lenyewe, na ikashinda tuzo ya Grammy. Nyingine, ya 1976, iliyotoka Marekani ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, nayo ilikuwa nalo. Ndani ya albamu hizo walijaa watu wa Peoria: mlevi aliyesimama njia panda akiongoza magari asiyotumwa kuyaongoza, kijana aliyeharibiwa na heroini, mhubiri mpenda sadaka, na juu yao wote Mudbone, mzee wa Tupelo, Mississippi, anayeongea polepole kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumkatiza. Pryor hakuwasimulia watu hao kwa mbali, aliwaingia. Bega lilishuka, mdomo ukapinda, na mbele yako akasimama mzee wa miaka 70.

Hapo ndipo ulipo ukubwa wake, na ndiyo sababu kumwita mchekeshaji peke yake ni kumpunguza. Alikuwa mwigizaji aliyetembea na jumuiya nzima ndani ya mwili mmoja. Wachekeshaji wa kabla yake walitoa mafumbo na vijembe vyenye mwanzo na mwisho. Yeye alitoa watu.

Sinema ilimwona lakini haikujua imfanye nini. Mwaka 1972, katika Lady Sings the Blues, filamu ya maisha ya mwimbaji Billie Holiday iliyochezwa na Diana Ross, alipewa nafasi ndogo ya mpiga piano, akaikuza hadi ikawa mhimili wa filamu. Alishirikiana na mwongozaji Mel Brooks kuandika filamu ya Blazing Saddles, iliyotoka 1974, na Brooks alitaka yeye ndiye acheze sherifu mweusi. Studio ilikataa, nafasi ikaenda kwa Cleavon Little. Desemba 1975 alipoalikwa kuongoza kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, wenye kituo waliamua kirushwe kwa kuchelewa sekunde kadhaa, wapate muda wa kuziba maneno yake. Mwaka 1977 kituo hicho hicho, NBC, kilimpa kipindi chake mwenyewe, kikadumu vipande vinne tu. Katika kimojawapo aliigiza rais wa kwanza mweusi wa Marekani akijibu maswali ya waandishi wa habari: anaanza kwa utulivu, swali baada ya swali anazidi kuchemka, hadi mkutano unageuka vurugu. Hiyo ni miaka 31 kabla ya Barack Obama kuchaguliwa.

Kuna kisa kimoja cha Silver Streak, filamu ya 1976 aliyocheza na mwigizaji Mzungu Gene Wilder, kinachoonyesha alivyofikiri. Katika choo cha stesheni, Pryor anampaka Wilder rangi ya viatu usoni na kumfundisha kutembea kama mtu mweusi ili awakwepe polisi. Mwanzoni iliandikwa kwamba anaingia Mzungu na kudanganyika. Pryor alikataa kuicheza hivyo. Alitaka anayeingia awe mtu mweusi, amwone Wilder na redio yake, na asidanganyike hata kidogo. Kwa badiliko hilo dogo kicheko kilihama: hakikuwaangukia tena watu weusi, kilimwangukia yule anayewaiga vibaya. Na kama kuna anayedhani Pryor alikuwa wa kuchekesha tu, aitafute Blue Collar ya 1978, iliyoongozwa na Paul Schrader. Anacheza kibarua wa kiwanda cha magari mwenye madeni, anayeshirikiana na wenzake kuiba kwenye sefu ya chama chao cha wafanyakazi, na mwishoni ananunuliwa na wale wale aliowachukia. Ni uigizaji mkali, usio na huruma, na pengine ndio bora kuliko wote aliowahi kuufanya mbele ya kamera.

Novemba 1977, akiwa Peoria, moyo ulimpiga mshtuko. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekwisha kuugeuza kuwa onyesho. Filamu inaitwa Richard Pryor: Live in Concert, ilipigwa Desemba 1978 huko Long Beach, California, ikaingia sinema 1979. Ni mojawapo ya filamu ndefu za kwanza ambazo tangu mwanzo hadi mwisho zina mtu mmoja tu jukwaani, shati jekundu mwilini na maikrofoni mkononi.

Tazama anavyousimulia mshtuko ule. Anatembea, mara ngumi yake inajikaza kifuani: huo ndio moyo, na moyo una sauti ya jambazi. Unamwamuru aache kupumua. Anaanguka kwa goti moja, moyo unaongeza la pili. Unamuuliza mbona leo anawaza kifo, ilhali hakukiwaza alipokuwa akila nyama yote ile ya nguruwe. Analala chali, anajinyonga kwa maumivu, na kwa siri anajaribu kumpigia Mungu simu, lakini mpokea simu wa mbinguni anamwambia asubiri. Moyo unagundua amejaribu kuupita kwa nyuma, unamkamua zaidi. Anazinduka ndani ya gari la wagonjwa, juu yake nyuso za Wazungu watupu, na hofu yake ya kwanza ni kwamba amekufa na kupelekwa kwenye pepo isiyo yake. Ukumbi mzima unacheka, na mtu aliyelala sakafuni anaonyesha hasa namna alivyokaribia kufa.

Katika filamu hiyo hiyo yumo bibi Marie, akimtuma mjukuu akakate mwenyewe fimbo atakayochapwa nayo. Mtoto anatembea kurudi nyumbani, na upepo unaovuma kwenye fimbo unatoa mlio unaomliza kabla ya kupigwa. Hakuna msomaji wa Afrika Mashariki atakayehitaji kuelezwa kisa hicho. Marie alifariki mwishoni mwa 1978. Msiba ulimwangusha Pryor. Kokeini ilikuwa imemshika, ndoa nyingine imevunjika, na mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amelifyatulia risasi gari la mkewe.

Katika hali hiyo alifunga safari ya Kenya.

Ilikuwa 1979. Kenya ilikuwa na miaka 16 tangu ipate uhuru, na Daniel arap Moi alikuwa ameingia Ikulu mwaka uliotangulia baada ya kifo cha Jomo Kenyatta. Pryor alikwenda mbugani kama watalii wengine, na baadaye angemwigiza simba wa huko, anayemtazama mgeni kwa namna ambayo simba wa kwenye kizimba hatazami. Ila kilichomshika hakikuwa mbugani. Kilikuwa barabarani na ofisini. Askari mweusi, rubani mweusi, karani mweusi, waziri mweusi, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa mtu aliyezaliwa Peoria mwaka 1940 hilo halikuwa jambo dogo.

Siku moja aliketi katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli jijini Nairobi, akatazama watu wakiingia na kutoka. Alivyokuja kusimulia, sauti ilimjia ndani yake ikimuuliza anaona nini. Akajibu kwamba anaona watu wa kila aina. Ikamuuliza tena: je, humo kuna hata mmoja wa wale unaowaita kwa neno lile? Akatazama upya. Hakumwona. Hapo akatambua kwamba alikuwa nchini kwa wiki tatu na neno lile halijamtoka mdomoni hata mara moja. Alilia. Akaamua halitatoka tena.

Ni vigumu kueleza leo uzito wa uamuzi huo. Neno lile lilikuwa kwenye majina ya albamu zake, lilikuwa mapigo ya sentensi zake, na wachekeshaji vijana walikuwa wamelipokea kutoka kwake. Alikuwa amejitetea kwa miaka kwamba analivua sumu. Nairobi ilimwonyesha kwamba sumu ilikuwa imebaki, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiinywa. Aliporudi, baadhi ya mashabiki wake weusi walimjia juu, wakasema amelainika, amejiuza. Rafiki yake na mwandishi mwenzake, Paul Mooney, aliendelea kulitumia kwa zaidi ya miaka 25. Pryor hakurudi nyuma.

Isidhaniwe kwamba Kenya ilimponya. Juni 9, 1980, baada ya siku nyingi za kuvuta kokeini, alijiwasha moto nyumbani kwake Northridge, Los Angeles, akatoka mbio barabarani akiungua. Zaidi ya nusu ya mwili iliungua. Alilazwa wiki sita. Mwanzoni ilisemwa ni ajali. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1995, alikiri kwamba alijimwagia pombe kali kwa mkono wake.

Mwaka 1982 ilitoka Live on the Sunset Strip. Usiku wa kwanza wa kuipiga, katika ukumbi wa Hollywood Palladium, alishindwa, akaondoka jukwaani. Usiku uliofuata alirudi, amevaa suti nyekundu, amekonda, mikono yenye makovu. Humo ndimo alimoisimulia Nairobi, na ukumbi uliokuwa ukicheka ukanyamaza, kisha ukapiga makofi. Humo pia alikipa kiko cha kokeini sauti yake: sauti ya mpenzi mwenye wivu, inayomwambia asipokee simu, asitoke, wabaki wao wawili tu chumbani. Anakuja Jim Brown, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, anasimama mlangoni na kumuuliza swali moja tu, atafanya nini. Naye anakitazama kiko kana kwamba ndicho kitakachomjibu. Wahubiri na madaktari wamesema mengi kuhusu uraibu. Dakika zile chache zimesema zaidi.

Wakati huo huo Hollywood ilimlipa vizuri na kumtumia vibaya. Stir Crazy ya 1980, iliyoongozwa na Sidney Poitier, iliingiza zaidi ya dola milioni 100, mara ya kwanza kwa filamu ya mwongozaji mweusi. Kisha ikaja The Toy, ambamo mtoto wa tajiri Mzungu anamchagua yeye kuwa mwanasesere wake. Kwa Superman III ya 1983 alilipwa dola milioni 4, zaidi ya Christopher Reeve aliyekuwa Superman mwenyewe. Mwandishi wa makala haya alimfahamu kwanza kwa filamu hiyo, kwenye kanda ya video iliyozunguka mtaani hadi picha zikaanza kukatika. Alionekana mtu mpole wa kuchekesha, mwenye macho ya woga, basi. Kuja kuiona Long Beach miaka mingi baadaye kulikuwa kukutana na mtu mwingine kabisa, na kulitia hasira: ni nani aliyeamua kwamba mamilioni ya watu waonyeshwe yule wa kwanza tu?

Mwaka 1986 aliongoza mwenyewe filamu iliyofuata maisha yake, Jo Jo Dancer, kuanzia danguro hadi moto. Mwaka huo huo madaktari walimwambia ana ugonjwa unaoshambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Mwili uliokuwa chombo chake cha kazi, uliogeuka mbwa, simba, moyo na mzee Mudbone, ulianza kumwacha kiungo kimoja kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alijaribu kurudi jukwaani akiwa ameketi kitini, akausimulia ugonjwa wake kama alivyousimulia moyo. Haikuchukua muda, akalazimika kuacha. Mwaka 1998 ukumbi wa Kennedy Center, Washington, ulipoanzisha tuzo ya uchekeshaji ya Mark Twain, wa kwanza kupewa alikuwa yeye. Alifariki Los Angeles, Desemba 10, 2005, siku tisa baada ya kutimiza miaka 65.

Miezi michache kabla ya kifo chake, mchekeshaji Dave Chappelle, aliyeinukia katika kivuli cha Pryor, aliacha kipindi cha televisheni chenye mkataba wa dola milioni 50 na kuruka hadi Durban, Afrika Kusini, akisumbuliwa na swali la nani anayecheka na anacheka nini. Huenda ni bahati tu kwamba wote wawili walikuja barani kwetu kulitafakari. Lakini swali ni lile lile la ukumbi wa hoteli ya Nairobi.

Nalo linaihusu Nairobi yenyewe, na Dar es Salaam, na Kampala. Majukwaa ya uchekeshaji yamejaa vipaji, na bado vicheko vingi vinavunwa kwenye lafudhi ya kabila la jirani, kwenye rangi ya ngozi, kwenye umbo la mwanamke. Utani ni mali yetu ya asili na una adabu zake: mtani hukutania usoni, nawe humrudishia. Kumwiga mtu asiyekuwepo ili ukumbi umcheke ni jambo jingine. Kijana anayeingia kazi hii leo asianze na Superman III. Aitafute filamu ya Long Beach, aitazame mara ya kwanza acheke, mara ya pili ahesabu ni mara ngapi Pryor anamcheka mtu mwingine bila kujicheka mwenyewe kwanza. Kisha aiweke ile ya 1982, aisikilize sehemu ya Kenya mpaka mwisho.